Maji yanachemka huku yanaganda kwenye chombo kimoja: fizikia kweli au tunachezewa?

Kijana wa Kihesa
Habari wanajamvi. Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa kaweka maji kwenye chombo cha kioo, kafunika vizuri, kaunganisha na pampu ya kuvuta hewa. Hakuna jiko, hakuna friji. Baada ya muda maji yanaanza kuchemka, mapovu makubwa kabisa, halafu yakiwa bado yanachemka yanaanza kuganda, unaona ganda la barafu juu na mapovu yanalisukuma kutoka chini. Wameandika eti hiyo ndiyo nukta utatu ya maji. Hapa ofisini tumebishana tangu asubuhi, mmoja anasema ni kemikali siyo maji, mwingine anasema video imerudishwa nyuma. Mimi swali langu ni moja tu, maji yanachemka kwa 100 na yanaganda kwa 0, sasa hivyo viwili vinakutanaje? Wenye uelewa karibuni.

Mtoto wa Sinza
Mkuu hapo umepigwa. Kitu kinachochemka ni cha moto, cha moto hakigandi. Siku hizi kompyuta inatengeneza video yoyote unayotaka.

Fundi Baridi
@Mtoto wa Sinza usimkatishe tamaa mwenzio, hiyo kitu ni kweli na sisi mafundi wa AC na friji tunaishi nayo kila siku, ila haionekani kwa sababu inatokea ndani ya mabomba ya shaba.

Iko hivi. Kuchemka hakutegemei moto peke yake, kunategemea na presha inayoyakandamiza maji kwa juu. Ukiipunguza presha, maji yanachemka kwa joto dogo. Kwa joto la Dar la digrii 30, ukivuta vakyumu kutoka milimita 760 za zebaki mpaka zikabaki kama 32, maji yanachemka hapo hapo bila kiberiti. Ndiyo maana tukishachomelea mabomba tunavuta vakyumu kabla ya kujaza gesi, lengo siyo kutoa hewa tu, ni kuuchemsha ule unyevu uliobaki ndani utoke kama mvuke.

Sasa ukiendelea kuvuta, maji yanajipoza yenyewe, maana kila tone linalogeuka mvuke linaondoka na joto la yale yaliyobaki. Yakifika kwenye sifuri na presha ikawa kama maikroni 4,580 (maikroni elfu moja ni milimita moja ya zebaki) yanaanza kuganda. Kwa fundi hapo ndipo kazi inapoharibika, barafu ikikaa kwenye bomba haitoki haraka, na geji ya kawaida inakuonyesha sindano imelala kwenye hasi 30 unadhani umemaliza. Unajaza gesi unakabidhi, baadaye barafu inayeyuka, unyevu unazunguka na gesi unaenda kuganda kwenye kapilari, kile kibomba chembamba cha friji, friji inapoza nusu saa halafu inaacha, mteja anapiga simu usiku. Dawa yake ni kuvuta kwa hatua, unavunja vakyumu kwa naitrojeni kavu, unavuta tena, na unatumia geji ya maikroni mpaka ishuke 500 na ikae hapo hapo ukifunga valvu.

Kijana wa Kihesa
Aisee fundi asante. Kwa hiyo hiyo 4,580 ndiyo nukta utatu?

Binti wa PCM
Ndiyo kaka. Shuleni tumeisoma kwenye thermometa, joto ni 273.16 K yaani 0.01 kwenye Selsiasi, presha ni paskali (Pa) 611.66, hapo barafu, maji na mvuke vinakaa pamoja na hakuna kinachomla mwenzake. Kwenye gesi thermometa unatumia T = 273.16 × P/Ptr, hiyo Ptr ni presha ya gesi ukiwa umeichovya kwenye tripo pointi ya maji, ndiyo hiyo nukta utatu. Na kelvini yenyewe inatafsiriwa kwa hapo, kelvini moja ni sehemu moja ya 273.16. Jina lilianza na James Thomson mwaka 1873, kaka yake Lord Kelvin.

Baba Neema
Mbona hayo makubwa hayana haja ya pampu jamani. Chukua glasi ya maji, tia barafu. Barafu ipo, maji yapo, mvuke upo juu ya glasi. Tripo pointi hiyo, na bado unaweza kuongeza ndimu.

Mtoto wa Sinza
Baba Neema kaua 😂 maabara ya mezani

Mtu wa Ugezi
Nimefuatilia, naona kuna mahali pa kunyoosha kidogo, mimi kazi yangu ni maabara ya ugezi, yaani sayansi ya vipimo, tunakalibresha thermometa.

Kwanza @Binti wa PCM, umesoma vizuri lakini hapo kwenye kelvini kitabu chako kimepitwa. Hiyo tafsiri ilipitishwa mwaka 1954 na ilitumika mpaka 20 Mei 2019. Tangu siku hiyo kelvini inatokana na namba ya Boltzmann ambayo imefungwa kwenye 1.380649 × 10⁻²³ J/K. Tripo pointi ya maji bado tunaihesabu 273.16, ila sasa ni kitu kinachopimwa, kina mashaka ya karibu 0.1 ya milikelvini. Zamani haikuwa na mashaka yoyote kwa sababu yenyewe ndiyo ilikuwa mwamuzi.

Pili @Baba Neema, glasi yako ina kitu cha nne, hewa. Juu ya hayo maji kuna presha ya Pa 101,325, siyo 611, na hewa imeyeyukia ndani ya maji. Presha peke yake inashusha joto la kuganda kama 0.0075, hewa iliyoyeyuka inashusha kama 0.0025, jumla 0.01. Ndiyo maana glasi yako iko kwenye 0.00 na tripo pointi iko kwenye 0.01. Unaweza kusema ni tofauti ndogo, lakini kwetu sisi hiyo ni kubwa sana, tunafanya kazi mara mia chini ya hapo.

Sasa kifaa chenyewe. Ni silinda ya kioo, urefu kama mkono kuanzia kiwiko hadi vidole, katikati ina kisima cha kioo cha kuingizia thermometa. Ndani kuna maji safi kupita kiasi, hewa imetolewa yote, kioo kimefungwa kwa kuyeyushwa. Ukikiinamisha taratibu maji yanagonga kioo kwa sauti kavu, tik, kama kuna hewa ndani hiyo sauti inakuwa laini na unajua kifaa kimeharibika. Tunajaza kisimani barafu kavu iliyosagwa, yaani kaboni dayoksaidi iliyoganda, barafu inaanza kujijenga kuzunguka kisima kutoka ndani kwenda nje mpaka inakuwa nene. Halafu unaingiza fimbo ya joto la chumba sekunde chache, unayeyusha tabaka jembamba tu linalogusa kisima. Ukikizungusha kifaa, barafu inabaki inaelea na kuzunguka peke yake. Hapo umefika. Unakiweka kwenye bafu la barafu na kinakaa hivyo wiki kadhaa bila kubadilika.

Na sasa sikilizeni, humo ndani HAKUNA kinachochemka. Hakuna povu hata moja. Barafu imetulia, maji yametulia, juu kuna mvuke wa maji peke yake. Ndiyo maana hii video huwa inanisumbua.

Fundi Baridi
Mwalimu heshima yako. Lakini mbona unasema video inakusumbua, mimi nimekwambia nayaona kazini, maji yanachemka na yanaganda, presha ni ile ile uliyoitaja. Namba zimekubaliana.

Mtu wa Ugezi
Namba zinakubaliana kwa sababu maji yanapita hapo. Kupita siyo kukaa. Kwenye kile chombo pampu inavuta mvuke muda wote, kwa hiyo mvuke hauna nafasi ya kulingana na maji. Maji yanachemka kwa sababu mizani imeharibiwa na yanajitahidi kuirudisha. Ukifunga valvu ya pampu, kuchemka kutakoma ndani ya muda mfupi, na kinachobaki kimya humo ndani ndiyo tripo pointi.

Dakta Mtarajiwa
Naomba kuongeza na kupinga kidogo. Nadhani wote wawili mnaruka kitu. Mapovu ya kwanza kabisa kwenye zile video siyo kuchemka, ni hewa iliyoyeyuka kwenye maji inatoka, kama soda ukifungua. Baada ya hapo ndiyo kuchemka kwenyewe. Na barafu haianzi kwenye 0.01 pia, maji safi kwenye chombo safi yanashuka chini ya sifuri bila kuganda, hasi 3, hasi 5, halafu yakishtuliwa na povu yanaganda ghafla. Ndiyo maana barafu kwenye video inatokea kama mlipuko badala ya taratibu. Kwa hiyo wanachoonyesha siyo tripo pointi, ni maji yaliyopoa kupita kiasi.

Fundi Baridi
Mdogo wangu kwenye mabomba hayagandi ghafla, yanaganda kidogo kidogo.

Dakta Mtarajiwa
Kwenye mabomba kuna uchafu na kuta za chuma shikamoo mzee, barafu inapata pa kuanzia. Kwenye kioo kisafi ni habari nyingine.

Binti wa PCM
Nimepiga hesabu mniangalizie. Maji yakigeuka mvuke yanachukua kama J 2,500 kwa gramu, yakiganda yanatoa J 334 kwa gramu. Ukianza na gramu 100 za maji ya digrii 25, zikipotea gramu 4 hivi kama mvuke yaliyobaki yanafika sifuri. Zikipotea nyingine kama 11, yaliyobaki yote ni barafu. Yaani unapoteza gramu 15 tu unapata barafu ya gramu 85 bila friji. Kila gramu inayochemka inagandisha wenzake saba na nusu.

Mtu wa Ugezi
Hesabu imekaa sawa, kama chombo hakipokei joto kutoka nje. Meza itakurudishia kidogo.

Mgumu wa Machame
Wakuu mimi siyo msomi wa hayo, napandisha wageni Kilimanjaro. Nimesoma hapa nikasema kumbe! Pale juu karibu na kreta kuna kuta za barafu zimesimama wima kabisa, ukiweka mkono ni kavu, chini yake ni vumbi kavu la volkano, hakuna hata kijito. Jua linapiga saa sita mchana na barafu inapungua mwaka hadi mwaka lakini maji huyaoni. Wageni wanauliza maji yanaenda wapi na sisi tulikuwa hatuna jibu zuri. Kumbe juu kule presha ni ndogo, tuko chini ya nukta utatu, barafu inaruka moja kwa moja kuwa mvuke. Hata chai kwenye kambi yetu inayoitwa Barafu Kambi haikolei, na maharage tunayapika chini tunayapandisha yameiva.

Baba Neema
Mgumu umeleta kitu kizito. Hii ndiyo sababu barafu ya Kili inaisha basi, siyo hizi habari za viwanda vya Ulaya.

Mtabiri wa Vuli
Taratibu hapo, msije mkaondoka na hilo. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, presha pale ni karibu nusu ya ya pwani, kama Pa 50,000. Tripo pointi ni Pa 611. Mlima bado uko mara themanini juu yake. Maji yanachemka pale kwa digrii 81 hivi, hata Barafu Kambi kwenye mita 4,673 ni kama 85, kwa hiyo hilo la maharage ni kweli kabisa, ila ni habari ya kuchemka, siyo ya nukta utatu.

Barafu kugeuka mvuke bila kupita kwenye maji hakuhitaji presha yote ya hewa iwe chini ya 611. Kinachoangaliwa ni presha ya mvuke wa maji peke yake uliomo kwenye hewa. Kileleni wastani wa joto ni kama hasi 7, barafu ya joto hilo ina presha ya mvuke ya Pa 338 hivi. Hewa ya juu kule ni kavu, mara nyingi mvuke wake ni chini ya hapo, basi barafu inatoa mvuke na upepo unaubeba. Hata kwenye friza la nyumbani, vipande vya barafu ukivisahau vinasinyaa, na nyama isiyofungwa vizuri inakauka pembeni ikawa na mabaka meupe. Ni jambo hilo hilo.

Mgumu wa Machame
Sawa mkuu nimekuelewa kwenye presha. Ila sasa kama ni ukavu wa hewa, mbona upande wa kusini kwenye barafu za mteremko kuna siku tunaona maji yanachuruzika na vijiti vya barafu vinaning'inia? Hayo siyo mvuke, hayo ni maji yaliyoyeyuka yakaganda tena.

Mtabiri wa Vuli
Ndiyo, vyote vinatokea, na hapo ndipo wasomi wenyewe wanapovutana. Mwaka 1912 barafu ya Kili ilikuwa karibu kilomita za mraba 12, kufika 2000 ilikuwa chini ya 3. Kuna watafiti wa barafu wanaosema, Kaser na Mölg kwa mfano, kwamba hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilibadilika kuwa kavu tangu mwisho wa miaka ya 1800, theluji ikapungua, jua likala kuta. Mtafiti mwenzao Lonnie Thompson aliyechimba nguzo za barafu pale mwaka 2000 anaonyesha dalili za kuyeyuka kwenye tabaka za juu ambazo hakuziona kwenye tabaka za zamani, na anaona joto lina mkono wake. Ukumbuke pia kugeuza kilo ya barafu kuwa mvuke kunataka nguvu mara nane na zaidi ya kuiyeyusha, kwa hiyo kuyeyuka kidogo tu kunaondoa barafu nyingi.

Baba Neema
Kwa hiyo ni ukavu. Nilisema.

Mgumu wa Machame
Hujasema ukavu, umesema siyo viwanda. Na bahari ikipata joto mvua si zinabadilika pia? Ukavu unatoka wapi?

Nesi wa Kliniki ya Watoto
Mmenikumbusha kazini. Chanjo ya surua na ile ya BCG, ya kifua kikuu, zinakuja zikiwa unga mkavu kwenye kichupa, sisi tunachanganya na maji yake maalum ndipo tunachoma, na ikishachanganywa haikai zaidi ya masaa sita, inamwagwa. Tulifundishwa kwamba zinakaushwa kwa baridi. Je ni hiki hiki mnachosema?

Mtu wa Ugezi
Ndicho dada, tena hapo nukta utatu inafanya kazi kweli kweli. Wanaigandisha chanjo kwanza, halafu wanavuta vakyumu chini kabisa ya Pa 611. Chini ya presha hiyo maji hayana ruhusa ya kuwepo, kuna barafu na mvuke tu. Wakiongeza joto taratibu barafu inatoka kama mvuke, na kirusi dhaifu cha surua kinabaki mahali pake, hakijachemshwa. Wakikosea presha ikapanda, barafu inayeyuka na ule unga unasinyaa kuwa gundi.

Nesi wa Kliniki ya Watoto
Asante sana. Nitawaelezea akina mama wanaoniuliza mbona dawa ni vumbi.

Mama Jikoni Tabata
Na mimi nina langu. Mtungi wa gesi. Nikipika maharage muda mrefu mtungi unatoa jasho chini, wakati mwingine unakuwa na baridi kama umetoka friji. Na ile saa ya presha niliyofungiwa inaonyesha kijani kijani mpaka siku gesi inaisha ghafla na wageni wako sebuleni. Imeharibika?

Fundi Baridi
Haijaharibika mama. Ndani ya mtungi kuna kimiminika chini na mvuke juu, viwili pamoja. Vikiwa viwili pamoja presha inafuata joto tu, haijali kimebaki lita ngapi. Tone la mwisho la kimiminika likiisha ndipo sindano inaporomoka. Ukitaka kujua kimebaki kiasi gani mwagia maji ya moto ubavuni, halafu pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini, pale unapohisi baridi ghafla ndipo kimiminika kilipofika. Lile jasho pia linakuonyesha mstari. Na mtungi usiuweke karibu na moto kuupasha, hata siku moja.

Dakta Mtarajiwa
Marekebisho kidogo kwa mzee Fundi. Ingekuwa gesi ya aina moja ungekuwa sahihi kabisa. LPG, hiyo gesi ya kupikia, ni propani na butani pamoja, propani inatangulia kutoka, kwa hiyo presha inashuka kidogo kidogo kadiri mtungi unavyoisha. Ni kanuni ya Gibbs, ukiongeza kitu kimoja kwenye mchanganyiko unaongeza uhuru mmoja, yaani kitu kimoja zaidi unachoweza kubadilisha, kama joto au presha. Kwa maji peke yake hali tatu zikikutana uhuru ni sifuri, ndiyo maana nukta utatu ni nukta, huwezi kuisogeza.

Fundi Baridi
Sawa dakta, lakini kwa saa ya mama Tabata hiyo tofauti haioni. Kijani ni kijani.

Msee wa Naivasha
Sasa wadau, huku kwetu Olkaria, kwa visima vya joto la ardhini Kenya, hiyo ya hali mbili pamoja ndiyo inatupea stima. Kisima kikifunguliwa haitoki mvuke pekee, inatoka mvuke na maji moto zimechanganyika, inapiga kelele hadi unaziba masikio. Ziko chini huko kama maji yenye presha kubwa, zikipanda presha inashuka, sehemu yake inageuka mvuke njiani. Kuna separeta inazizungusha, maji inaenda chini inarudishwa ardhini, mvuke inaenda kwa tabaini. Na Nairobi maji inachemka kwa 94 hivi, so ile mambo ya 100 ni ya watu wa Mombasa na Dar.

Kijana wa Kihesa
Uzi umekuwa darasa. Sasa na Erasto Mpemba je? Yule aliyegundua maji ya moto yanaganda haraka kuliko ya baridi, si alikuwa hapa hapa Iringa, shule ya Mkwawa?

Binti wa PCM
Aligundua akiwa shule ya Magamba, Lushoto, mwaka 1963, walikuwa wanatengeneza aiskrimu akaweka maziwa ya moto kwenye friza yakaganda kabla ya ya wenzake. Mkwawa ndiko alikomuuliza Dk. Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar, wanafunzi wakacheka, Osborne akaenda kujaribu. Wakachapisha pamoja mwaka 1969.

Mtu wa Ugezi
Na mpaka leo halijatulia. Mwaka 2016 Burridge na Linden walipima wakasema hawaioni kwenye maji, mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wakaionyesha vizuri, lakini kwa chembe ndogo kwenye maji siyo kwa kugandisha. Wengine wanasema ni mvuke unaopotea, wengine wanasema ni hewa iliyoyeyuka, wengine kupoa kupita kiasi. Ni wale wale watuhumiwa tuliowataja juu kwenye video.

Mtoto wa Sinza
Mimi nimebadilisha swali. Huko Mars wanasema kuna barafu, je kuna maji?

Dakta Mtarajiwa
Swali zuri. Wastani wa presha ya Mars ni kama Pa 600 hivi, karibu sawa kabisa na tripo pointi ya maji. Zamani waliweka hata kimo cha sifuri cha Mars, kama usawa wa bahari wa huku, pale presha inapokuwa milibari 6.1, yaani hiyo hiyo 611. Kwenye bonde la Hellas presha inazidi Pa 1,000, juu ya mlima Olympus Mons ni chini ya 100. Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilichimba, kikapiga picha vipande vyeupe, siku nne baadaye havipo. Vilikuwa barafu, vikawa mvuke.

Mtabiri wa Vuli
Ongeza tu kwamba hewa ya Mars karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Mvuke wa maji ni kidogo mno. Kwa hiyo hata Hellas ambako presha inatosha, maji yangekauka haraka. Kosa la Mars ni lile lile la Kili, watu wanaangalia presha yote wanasahau mvuke.

Fundi Baridi
Wakuu nimejaribu. Chupa nene ya kioo, kifuniko nimetoboa nikachomelea kipande cha bomba la shaba, gundi ya epoksi pembeni, bomba la bluu mpaka kwenye pampu yangu ya hatua mbili. Maji ya dukani, nusu kikombe, na miwani nilivaa maana kioo kikipasuka kwenye vakyumu kinaingia ndani halafu kinarukia nje.

Mapovu madogo madogo yalianza mapema kabisa, hayo nampa Dakta, nadhani ni hewa. Kisha pakatulia. Halafu yakaanza makubwa, yanapiga chupa mpaka inatikisika mezani. Nikishika chupa kwa nje inapoa haraka, ikatoa jasho. Baadaye kuchemka kukapungua, nikadhani pampu imeshindwa, mara ganda jembamba likatokea juu pembeni, likakimbia mpaka upande wa pili, povu likalitoboa, maji yakamwagika juu ya barafu yakaganda yakiwa mawimbi mawimbi. Oili ya pampu imekuwa nyeupe, imejaa maji, lazima niibadilishe. Anayetaka kujaribu afungue ile valvu ndogo ya hewa ya pampu kwanza.

Nilipofunga valvu kama alivyosema mwalimu, kuchemka kulikoma. Barafu juu, maji chini, kimya. Ila nilitumia tu macho, thermometa sikuweka.

Mtu wa Ugezi
Safi sana fundi. Rudia ukiwa na probu ya joto ndani. Kama ukishafunga valvu joto linasimama mahali pamoja wakati barafu na maji vyote vipo, hiyo ndiyo. Usitegemee kuona 0.01 kwa probu ya kawaida, wala kwa maji ya dukani yenye madini. Angalia tu kama linasimama.

Dakta Mtarajiwa
Na kabla ya ganda kutokea andika namba ya chini kabisa. Ikisoma hasi 2 au hasi 3 halafu ikaruka juu barafu inapotokea, mimi nimeshinda.

Mtu wa Ugezi
Utakuwa umeshinda kwenye mwanzo wa barafu. Kinachofuata bado ni changu.

Binti wa PCM
Kwa nini ganda lilianza juu? Barafu ya friji inaanza pembeni na juu pia, ila huku joto linatoka juu peke yake kwa sababu mvuke unatoka juu, au ni kwa sababu barafu inaelea?

Mtabiri wa Vuli
La kwanza. Uso wa maji ndiyo unaopoteza joto.

Msee wa Naivasha
Mimi nasema ni kuelea. Mapovu yanatokea chini pia, na yenyewe inabeba joto.

Mwana wa Tanga
Nimechelewa. Fundi jaribu na maji ya chumvi basi, ya bahari. Barafu itakubali?

Dakta Mtarajiwa
Itakubali lakini chini zaidi, na haitakuwa na nukta moja, itateremka kadiri barafu inavyojitoa na kuacha chumvi nyuma. Kama ni chumvi ya kupikia tu, ukifika karibu na hasi 21 unapata vitu vinne pamoja, barafu, chumvi iliyoganda na maji yake, maji ya chumvi na mvuke. Vitu viwili kwenye chombo, hali nne, Gibbs tena.

Fundi Baridi
Hasi 21 kwa pampu hii naweza kufika, lakini chumvi kwenye pampu yangu siweki.

Mtu wa Ugezi
Chumvi haipandi na mvuke fundi. Ila mapovu yakirusha matone yatafika kwenye bomba, weka mtego wa baridi katikati, chupa nyingine ndani ya barafu na chumvi inatosha.